Uedili au utribuni: ungekuwa kijana wa Roma ungechukua fomu ya wapi?

Juzi kijiweni tumebishana na mshkaji wangu mpaka kahawa imepoa, yeye anasema Roma ya zamani mwanasiasa mwenye akili alikuwa anakimbilia utribuni, kile cheo cha kuwatetea raia wa kawaida, maana huko ndo kulikuwa na rungu, mi nasema hapana, mwenye akili alikuwa anachukua uedili, cheo cha kusimamia mji na michezo, anawafurahisha watu, alafu anapanda zake juu taratibu. Hatukumaliza, kila mtu akaenda kwake. Sasa nimekaa nimeviweka vyeo vyote viwili kwenye mizani, we soma alafu uamue mwenyewe ungegombea nini, ila nakwambia mapema kwamba mwisho nitasema mi ningechukua kipi na mshkaji asije akaninunia.

Kwanza tukae sawa. Hii ni Roma ya jamhuri, kabla hawajaanza mambo ya makaisari, tuseme ile miaka mia ya mwisho kuanzia 133 KK hivi. Vyeo vinapandwa kama ngazi na kila kimoja ni mwaka mmoja tu. Unaanza ukwestori, huyo ni mtu wa hazina na mahesabu, alafu upretori, huyo anasimamia mahakama na akimaliza mwaka anapelekwa kutawala jimbo nje ya Italia, alafu ukonsuli ambao ndo kilele. Sulla alipokuwa dikteta mwaka 81 KK aliipigilia misumari hiyo ngazi: kwestori uwe na miaka 30, pretori 39, konsuli 42. Na nafasi akaziweka makwestori 20, mapretori 8, makonsuli wawili walewale wa siku zote. Piga hesabu mwenyewe hapo, vijana 20 wanaingia kila mwaka na wawili tu ndo watafika juu, wengine wote wanabaki kukaa kwenye viti vya seneti wakisikiliza wakubwa wanaongea.

Sasa kati ya ukwestori na upretori kuna miaka tisa. Miaka tisa ukikaa kimya umeisha. Cicero mwenyewe, yule mwanasheria na msemaji maarufu, alijionea hili mapema, alikuwa kwestori Sicily mwaka 75 KK, huko Lilybaeum, akafanya kazi nzuri ya kupeleka ngano Roma wakati wa njaa, basi anarudi kifua mbele akijua mji mzima unamzungumzia yeye. Akapita Puteoli, mji wa starehe pembeni ya bahari ambako wakubwa wanapumzika, akakutana na mtu anamuuliza, vipi Roma umetoka lini, kuna habari gani? Akajibu kwamba anatoka jimboni. Yule mtu akasema aah kweli, Afrika eeh? Cicero kakunja uso anamwambia Sicily. Mwingine pembeni anayejifanya anajua kila kitu akadakia, we hujui kwamba huyu alikuwa kwestori Syracuse? Nayo sio, Syracuse ni upande mwingine kabisa wa kisiwa. Cicero anasema pale ndo akaelewa kuwa watu wa Roma masikio yao mazito lakini macho yao makali, toka siku hiyo akahakikisha anaonekana kila siku.

Ndo hapo vinapokuja hivi vyeo viwili vya katikati. Havikuwa vya lazima, unaweza kuviruka vyote, na unaweza pia kuvichukua vyote kwa nyakati tofauti, Clodius kwa mfano alikuwa tribuni mwaka 58 KK akawa edili mwaka 56. Lakini wengi walikuwa wanachagua kimoja wanakiwekea nguvu zote.

Nani anaruhusiwa

Hapa kwenye utribuni kuna kizuizi na watu wengi wanakikosea. Tribuni lazima awe mplebi, yaani asiwe wa zile koo chache za zamani za mapatrisi. Usifikirie plebi ni maskini, zamani sana labda, lakini kufikia kipindi hiki kulikuwa na maplebi matajiri wa kutupa, wale ndugu wawili wa ukoo wa Gracchus, Tiberius na Gaius, walikuwa maplebi wakati mama yao Cornelia ni binti wa Scipio Africanus aliyempiga Hannibal. Sulla na Caesar wao ni mapatrisi kwahiyo utribuni kwao ulikuwa umefungwa, hata wangelia. Clodius alikuwa mpatrisi na akautaka hivyohivyo, mwaka 59 KK akajifanyisha kuasiliwa na mplebi mmoja anaitwa Fonteius, na huyo baba mpya alikuwa mdogo kwa umri kuliko mtoto. Watu walicheka lakini karatasi zilikuwa sawa.

Uedili una nafasi nne, mbili za plebi na mbili za kiti, hawa wa kiti ndo wanakalia kile kiti cha kukunja cha pembe za ndovu na kuvaa toga yenye pindo la zambarau. Matribuni ni kumi. Kwahiyo kwa uwezekano wa kupita, utribuni rahisi zaidi, na unaweza kuuchukua mapema kidogo, Tiberius Gracchus hakuwa hata amezidi sana miaka 30.

Ila tribuni hana kiti cha pembe, anakaa kwenye benchi. Hana zile toga za pindo, hana walinzi wa kutembea mbele yake na fimbo. Mlango wa nyumba yake haufungwi usiku wala mchana ili yeyote mwenye shida aingie, na haruhusiwi kulala nje ya mji. Mi naona hapo tayari unajua we ni mtu wa aina gani, kama unapenda usingizi wako basi ishia hapahapa.

Kazi yenyewe ilikuwaje

Edili ni mtu wa mji. Barabara, soko, mizani ya wafanyabiashara, maji, mahekalu, kuangalia ngano isipungue, na kubwa kuliko yote kuandaa sherehe na michezo. Tribuni ni mtu wa kusema hapana. Cheo chake kilizaliwa mwaka 494 KK maplebi walipogoma wakatoka mjini, na mpaka mwisho kilibaki na ile harufu ya mgomo: mwili wake ni mtakatifu, ukimgusa umemkosea mungu, na akisema nakataza kitu kinasimama, iwe ni sheria, kikao cha seneti au konsuli mwenyewe anataka kumkamata mtu. Tena toka 287 KK, sheria ya Hortensius, azimio lolote linalopitishwa kwenye baraza la plebi chini ya tribuni ni sheria kwa Roma nzima, mapatrisi wote ndani yake, seneti ikubali isikubali.

Ukisoma hivyo unasema mshkaji yuko sahihi, utribuni ndo mpango mzima. Subiri kidogo.

Pesa

Uedili unakula pesa. Serikali ilikuwa inatoa fungu la michezo lakini haitoshi hata robo ya watu wanachotegemea, iliyobaki ni mfuko wako, na ukitoa michezo ya kibahili watu wanakukumbuka hivyohivyo kwa ubahili siku ya kura za upretori.

Angalia Caesar mwaka 65 KK. Akaingiza jozi 320 za wapiganaji wa upanga mjini kwa jina la kumkumbuka baba yake, na seneti ikaogopa kuona mtu mmoja ana watu wengi wenye silaha ndani ya Roma mpaka wakaweka ukomo wa idadi. Mwenzake kwenye uedili alikuwa Bibulus, michezo mingine walichangia pamoja lakini sifa zote zikaenda kwa Caesar. Bibulus masikini akalalamika kwamba imekuwa kama lile hekalu sokoni, limejengwa kwa ajili ya mapacha Castor na Pollux lakini kila mtu analiita la Castor. Hii stori naipenda sana maana kila ofisi ina Bibulus wake.

Na hizo pesa za Caesar zilikuwa za kukopa. Mwaka 61 KK alipotakiwa kwenda Hispania kama gavana wadai wakamng'ang'ania asiondoke, mpaka tajiri Crassus akamdhamini kwa talanta 830, ndo akaachiwa.

Alafu kuna Aemilius Scaurus, edili wa mwaka 58 KK, alijenga ukumbi wa maonyesho wenye nguzo 360, na usije ukadhani ulikuwa wa kudumu, ulikuwa wa muda tu wa sherehe. Wewe fikiria kujenga kitu kama hicho alafu unakivunja.

Na wanyama ndo usiseme. Caelius Rufus alipokuwa anajiandaa na uedili wake alimsumbua Cicero kwa barua baada ya barua, Cicero wakati huo, 51 na 50 KK, ni gavana wa Cilicia, kusini mwa Uturuki ya leo, na Caelius anataka chui, nitumie chui, mbona chui hawaji, itakuwa aibu kwako nikikosa chui. Cicero akamjibu kwamba wawindaji wako kazini ila chui wenyewe ni wachache, na hao wachache wanalalamika eti ndani ya jimbo lake hakuna anayetegewa mitego isipokuwa wao tu, kwahiyo wameamua kuhamia Caria, nje ya jimbo lake. Mwanasheria akikunyima kitu anakunyima kwa ustaarabu.

Je unaweza kuukwepa huo mzigo? Sulla alijaribu, aliruka uedili akaenda moja kwa moja kugombea upretori na akashindwa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walimnyima kura kwasababu walijua ni rafiki wa mfalme Bocchus wa Mauretania, huko Afrika ya kaskazini, na walitaka kwanza awe edili ili awaletee simba na wanyama wengine wa huko. Mwaka uliofuata akapita. Mtu mwingine, Mamercus, tajiri kabisa, aliukwepa uedili kwa kuogopa gharama na wakamwangusha kwenye ukonsuli. Kwahiyo takrima haikuwa hiari kama sheria ilivyoandika, wapiga kura waliifanya lazima.

Utribuni kwa upande wa pesa hauna mambo mengi. Hutakiwi kuleta hata sungura.

Sasa swali ni je deni la uedili linalipwa na nini? Linalipwa na watu wa majimbo. Unakopa ukiwa edili, unapita upretori, unapewa jimbo, na huko ndo unarudisha pesa yako. Mfano mchafu kuliko yote ni Verres aliyekaa Sicily 73 mpaka 71 KK, Cicero akamshtaki mwaka 70 na akasema mahakamani kwamba Verres alikuwa akijitapa miaka yake mitatu ameipangia matumizi, faida ya mwaka mmoja yake, ya mwaka wa pili mawakili na wanaomkingia kifua, na mwaka wa tatu ule wenye mavuno makubwa akauweka kwa ajili ya mahakimu. Yaani mkulima wa Sicily ndo alikuwa analipia simba wa Roma bila kuwaona. Mtu akiniambia uedili ulikuwa cheo cha usafi na burudani tu namwambia afuate pesa mpaka mwisho wa njia.

Hatari

Hapa mizani inageuka vibaya. Edili hatari yake kubwa ni kufilisika. Tribuni anayetaka kubadilisha kitu hatari yake ni kuuawa, na sisemi kwa kukuza mambo.

Tiberius Gracchus, 133 KK. Alileta sheria ya ardhi ya umma, mtu asishikilie zaidi ya iugera 500, ni kama ekari 300 na kidogo, na nyongeza kwa watoto, ziada igawiwe kwa wasio na ardhi. Wala haikuwa kitu kipya, kikomo kilikuwepo toka zamani ila hakuna aliyekifuata. Matajiri walichofanya hawakubishana naye, wao walimtafuta tribuni mmoja tu kati ya wale kumi, Marcus Octavius, akasema nakataza. Ndo ubovu wa hiki cheo kama we ni mwanamageuzi, rungu ulilonalo wenzako tisa wote wanalo, na wakubwa wanahitaji mmoja tu. Tiberius akapeleka hoja watu wamvue Octavius utribuni. Makabila ya kupiga kura yalikuwa 35, yakapiga 17 yote yanasema avuliwe, likibaki moja kufika wingi Tiberius akasimamisha zoezi, akamkumbatia Octavius mbele za watu akamwomba jamani acha tu usijivunjie heshima. Octavius inasemekana machozi yalimlengalenga, akaangalia walipokaa matajiri, akanyamaza, mwisho akasema fanya utakalo. Kabila la 18 likapiga kura, akaburutwa.

Sheria ikapita. Seneti ikamlipiza kwa kumnyima bajeti, tume yake ya kugawa ardhi ikapewa posho ya obolo tisa kwa siku, pesa ya dhihaka. Alafu mfalme Attalus wa tatu wa Pergamum akafa akawaachia Waroma ufalme wake na Tiberius akasema hizo pesa zitaenda kwa wakulima, hapo akawa amegusa mambo ya nje na hazina ambayo ni mali ya seneti toka enzi. Alipogombea tena mwaka wa pili mfululizo, Scipio Nasica aliyekuwa kuhani mkuu akatoka na maseneta nyuma yake, amejifunika toga kichwani, wamevunja miguu ya mabenchi ndo silaha zao. Tiberius akakimbia, mtu akamshika toga, akaiacha akabaki na nguo ya ndani, akajikwaa juu ya walioanguka, na alipokuwa anainuka mmoja wa matribuni wenzake akampiga kichwani na mguu wa benchi. Watu zaidi ya 300 walikufa siku hiyo na miili ikatupwa mto Tiber. Mwili mtakatifu ule.

Gaius mdogo wake akaingia 123 na akapita tena 122 KK, huyu kwa maoni yangu ndo alikuwa kichwa hasa, kaka alikuwa na jambo moja, huyu alikuwa na mpango mzima: ngano kwa bei ya chini isiyopanda, barabara, makoloni yaani miji mipya ya kuhamishia raia mpaka pale Carthage ilipobomolewa, majaji watoke nje ya seneti. Seneti safari hii ikaja na ujanja mzuri zaidi, ikamtumia tribuni mwingine Livius Drusus aahidi zaidi ya Gaius, Gaius anaahidi makoloni mawili huyu anaahidi 12, na watu wakamfuata wa 12. Mwaka 121 KK konsuli Opimius akatangaza kwamba kichwa cha Gaius kitalipwa uzito wake kwa dhahabu, na aliyekileta, inasimuliwa, alishakamua ubongo na kumiminia risasi, ile madini mazito, ili mzani usome juu. Yaani hata kwenye mauaji kuna mtu anachezea mizani, edili alikuwa wapi sijui.

Orodha haiishii hapo. Tribuni Saturninus mwaka 100 KK alifungiwa ndani ya jengo la seneti na watu wakapanda juu wakang'oa vigae vya paa wakampiga navyo mpaka akafa, na chanzo cha hasira zake kilikuwa kwamba alipokuwa kwestori wa ngano Ostia walimpora kazi wakampa mtu mkubwa zaidi. Drusus mtoto wa yule mwenye ahadi 12 alichomwa kisu nyumbani kwake mwaka 91 KK. Clodius aliuawa barabarani karibu na Bovillae Januari 52 KK, ingawa huyo hakuwa tena tribuni na genge lake nalo halikuwa la watu wa dini.

Kwahiyo matribuni wote walikufa? Hapana na hapa ndo mshkaji anapata pointi yake. Mwaka 67 KK tribuni Gabinius alileta sheria ya kumpa jenerali Pompey jeshi la baharini kupambana na maharamia. Mwenzake Trebellius akasema nakataza. Gabinius akafanya kilekile cha Tiberius, akapeleka hoja avuliwe, makabila 17 yakapiga kura, na Trebellius kabla la 18 halijafika akaondoa katazo lake. Namba zilezile kabisa, miaka 66 imepita. Ila Gabinius hakuuawa, mwaka 58 akawa konsuli na baadaye akapewa Syria. Tofauti ni nini? Tiberius nyuma yake walikuwa wakulima, Gabinius nyuma yake alikuwa jenerali. Utribuni ulilipa vizuri sana kama ukikubali kuwa mpambe wa mtu mwenye majeshi. Tribuni Curio mwaka 50 KK ilisemwa alilipiwa madeni yake yote na Caesar, akageukia upande wa Caesar usiku mmoja. Kwahiyo rungu lipo, swali umelishika kwa niaba ya nani.

Kinakufikisha wapi

Kwenye hili jibu lilibadilika kulingana na mwaka. Sulla aliona wazi kwamba fujo zote zinatokea mlango wa utribuni, akauziba kwa njia moja ya kijanja kuliko zote: ukishakuwa tribuni huruhusiwi kugombea cheo kingine chochote maisha yako. Hakukifuta, alikifanya kuwa shimo. Vijana wenye ndoto wakakikimbia wenyewe, na bila vijana wenye ndoto nani ataleta mageuzi? Kizuizi hicho kilitolewa mwaka 75 KK, na mwaka 70 Pompey na Crassus wakarudisha nguvu zote. Kwahiyo ukigombea kati ya 81 na 75 sina cha kukushauri, chukua uedili tu basi.

Miaka mingine ina watu kama Marius ambaye anachanganya hesabu zote. Mtu wa Arpinum, hana jina, tribuni mwaka 119 KK. Alileta sheria ndogo, ile njia ya mbao anayopita mpiga kura kwenda kutumbukiza kura yake ifanywe nyembamba, ili wale wapambe wa wakubwa wasipate pa kusimama wakachungulia mtu ameandika nini. Konsuli akataka seneti imhoji, Marius akatishia kumfunga konsuli. Alafu akagombea uedili wa kiti akaona anashindwa, siku hiyohiyo akahamia kugombea uedili wa plebi, akashindwa tena. Mara mbili siku moja! Upretori akapita wa mwisho kabisa na akashtakiwa kwa rushwa, kura za majaji zikalingana ndo akapona. Huyo ndo baadaye akawa konsuli mara saba. Kwahiyo kushindwa uedili sio mwisho, ila lazima uwe na kitu kingine, na yeye alikuwa na vita.

Mageuzi yaliyobaki

Hapa nilikuwa nadhani utribuni unashinda bila hata kuhesabu kura. Ngano ya bei nafuu ya Gaius ilianzisha kitu ambacho hata Sulla alipokifuta kilikuja kurudishwa, na Clodius mwaka 58 akaifanya ya bure kabisa. Na yale mawe ya mipaka ya tume ya ardhi yamechimbuliwa Italia na majina ya wajumbe wa tume yako juu yake, kwahiyo ardhi iligawiwa kweli, Tiberius hakufa bure.

Lakini kuna kitu cha maedili ambacho sikukitegemea. Edili wa kiti kila mwaka alikuwa anatoa tangazo la masharti ya soko, na ndani yake kuna hili: anayeuza mtumwa au mnyama lazima aseme ugonjwa na kasoro zake, asiposema mnunuzi ana miezi sita ya kurudisha mali apewe pesa yake, au mwaka mmoja kudai apunguziwe bei. Ukiiangalia ni sheria chafu kwa maana inamweka binadamu fungu moja na ng'ombe, na hilo halifichiki. Ila ile kanuni kwamba muuzaji anabeba kasoro alizoficha ilitoka pale sokoni ikaingia kwenye sheria za nchi nyingi, Afrika Kusini mpaka leo wanasheria wana madai ya kasoro iliyofichwa yenye jina linalotokana na edili. Hakuna aliyeuawa kwa ajili yake. Hakuna hata anayemjua mtu aliyeiandika kwanza.

Sasa uamuzi

Kama we ni mpatrisi hapa huna cha kuchagua, nenda uedili, kopa, omba Mungu usishindwe upretori.

Kama we ni mplebi mwenye jina kubwa la baba na roho ya kutaka kubadilisha kitu, utribuni, ila kabla hujachukua fomu hesabu wenzako tisa mmojammoja ujue nani ananunulika, na usije ukagombea mwaka wa pili mfululizo kama huna watu wa kukulinda. Kama una jenerali nyuma yako na dhamiri haikusumbui, utribuni tena, utafika mbali sana.

Kama we ni mtu mpya kama Cicero, ambaye ukoo wako haujawahi kutoa hata kwestori, basi fanya alivyofanya yeye, na hiki ndo chaguo langu mimi. Aliuruka utribuni kabisa japo alikuwa mplebi na aliruhusiwa. Akachukua uedili wa mwaka 69 KK, akatoa michezo ya kawaida tu, na wale watu wa Sicily aliowatetea dhidi ya Verres wakamletea vyakula kwa shukrani akavitumia kushusha bei mjini. Matumizi madogo, na upretori akapita wa kwanza kwenye hesabu za kura. Favonius naye, rafiki wa seneta Cato, aliwahi kufanya uedili wa namna hiyo, Cato akiwa ndo msimamizi wa michezo, wasanii wakapewa taji za majani ya mzeituni badala ya dhahabu, watu wakagawiwa mboga, figili, matunda, tini na mizigo ya kuni, wakati mwenzake kwenye ukumbi mwingine anamwaga pesa, na watu wakauacha ule ukumbi wa pesa wakaja kwa Favonius kucheka na kupokea figili.

Mshkaji najua atasema Cicero hakubadilisha kitu. Sawa, ni kweli, alikuwa wa kulinda zaidi kuliko kurekebisha. Ila mwangalie aliyekuja kumaliza huu ubishi wote, Augustus, kaisari wa kwanza. Ukoo wa Caesar aliouingia ulikuwa wa kipatrisi, kwahiyo kuwa tribuni hawezi. Mwaka 23 KK akachukua nguvu za tribuni bila cheo chenyewe, hapana yake inasimama na wa kumpinga hayupo, na mwaka mmoja baadaye michezo ikatolewa kwa maedili ikapewa mapretori. Matribuni kumi waliendelea kuchaguliwa na kukaa kwenye benchi lao, na maedili wakabaki na mizani ya soko.